Mlinzi wa Amani Akipigwa, Dunia Hujibu Nini?

Katika mdahalo wa muhula huu hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Tanzania iwarudishe nyumbani askari wake wote wanaolinda amani katika nchi za watu. Waliounga mkono walisema kwa uchungu mwingi, na waliopinga walisema kwa haraka, maana saa ya kengele ilikuwa imekaribia. Mwisho kura zikapigwa na hoja ikashindwa kwa kura chache. Lakini katika maneno yote yaliyosemwa siku ile, liko moja ambalo halikujibiwa na mtu ye yote. Msemaji wa pili wa upande wa kuunga mkono aliuliza, "Askari wetu wakiuawa huko, hao waliowatuma hufanya nini zaidi ya kusikitika?" Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akagonga meza, tukaendelea na mengine. Nimeomba nafasi katika gazeti letu nilijibu swali lile, kwa kuwa ni swali la haki. Tena wengi wa wasomaji wa gazeti hili ni wazazi, na huenda wamo miongoni mwao ambao watoto wao wamevaa, au siku moja watavaa, kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa.

Tukio lililokuwa moyoni mwa wasemaji wote, ingawa si wote walilitaja, ni lile la Semuliki. Siku ya Alhamisi, tarehe 7 Desemba, 2017, jioni, watu wenye silaha walikishambulia kituo cha askari wa Umoja wa Mataifa kilichokuwa Semuliki, katika wilaya ya Beni, Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo. Kituo kile kilikuwa kando ya barabara itokayo Mbau kwenda Kamango, msituni, karibu na mto wenye jina hilo hilo. Waliokilinda walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na askari wa Kongo. Walipigana usiku. Hesabu ilipokamilika, Watanzania waliouawa walikuwa 15, waliojeruhiwa walizidi 40, na mmoja hakuonekana. Askari wa Kongo nao waliuawa papo hapo. Dalili zote zilielekea kundi liitwalo ADF, ambalo asili yake ni Uganda, likajificha katika misitu ya Kongo tangu miaka ya 1990, na ambalo tangu mwaka wa 2014 linatuhumiwa kuwaua raia wa Beni mamia kwa mamia, wengi wao kwa mapanga na mashoka. Redio huwaita watu wa namna hii wanamgambo. Mimi silipendi sana neno hilo, kwa sababu kwetu mgambo ni kijana wa kijijini aliyefunzwa gwaride na Serikali ili alinde mali ya watu. Lakini ndilo neno tulilo nalo.

Basi dunia ilijibu nini? Siku ya pili yake Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana António Guterres, alisema kwamba hilo lilikuwa shambulio baya kuliko yote waliyopata walinzi wa amani katika historia ya karibuni, na kwamba tendo lile laweza kuwa kosa la vita. Baraza la Usalama nalo lililaani. Nchi moja moja zikatuma rambirambi. Maiti wakaletwa Dar es Salaam, wakaagwa kwa heshima za kijeshi, wakapelekwa kwao kuzikwa. Mpaka hapo msemaji wetu wa pili angeweza kusema, "Mnaona? Maneno matupu hayavunji mfupa."

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyofuata ndiyo ambayo wengi wetu hatukuisoma. Mwezi Januari, 2018, Bwana Guterres alimteua Bwana Dmitry Titov, Mrusi aliyekuwa mtu wa siku nyingi katika kazi hizi, aongoze uchunguzi wa pekee juu ya Semuliki na juu ya mashambulio mengine mawili yaliyotangulia katika barabara ile ile mwezi Septemba na Oktoba. Habari za uchunguzi huo zilipotangazwa mwezi Machi hazikuwa za kujipendekeza. Zilisema kwamba ujumbe wa Umoja wa Mataifa, uitwao MONUSCO, haukuwa na mpango wa kufaa wa kukipelekea msaada kituo kile au kuwatoa watu wake. Zilisema palikuwa na kasoro katika uongozi na katika mpango wa kutoa amri. Zilisema kwamba ndege, wahandisi na watu wa kukusanya habari za adui, vitu ambavyo jeshi haliwezi kwenda msituni bila hivyo, vilikosekana. Kisha zikasema kwamba hata mafunzo ya askari wenyewe yalikuwa na mapengo ya kuzibwa.

Neno hili la mwisho najua litawaudhi wasomaji wengine. Liliniudhi na mimi. Lakini sioni faida ya kulificha. Mwalimu asemaye, "Mtoto wenu ni hodari lakini hakufundishwa hesabu za kutosha," hamtukani mtoto wala mzazi, bali anaonyesha mahali pa kufanyia kazi. Ushujaa wa watu waliopigana usiku ule haupungui hata chembe kwa kusemwa kwamba walistahili mafunzo bora na msaada wa haraka zaidi. Kinyume chake, wale wanaotaka tuimbe ushujaa tu na tusiulize jambo lo lote, wao ndio wanaowapunja marehemu.

Tena twapaswa kukumbuka mambo mengine ya mwaka ule. Mwezi Machi, 2017, Baraza hilo hilo la Usalama lilikuwa limepunguza idadi ya juu ya askari wa MONUSCO kutoka 19,815 hadi 16,215. Mwezi Juni, fedha za kazi zote za kulinda amani duniani zilipunguzwa kwa mamia ya milioni za dola, na wajumbe wa Marekani, ambayo hupangiwa sehemu kubwa ya malipo kuliko nchi nyingine yo yote, walijisifia jambo hilo mbele ya watu. Sisemi kwamba upungufu huo ndio uliowaua watu wa Semuliki. Aliyewaua ni yule aliyefyatua risasi. Lakini wale waliopunguza mwezi wa Machi na wa Juni, kisha wakalaani mwezi wa Desemba, ni watu wale wale, na ni haki kuyaweka maneno yao yote katika mizani moja.

Ili nisionekane nalaumu tu, nikumbushe kwamba dunia hujua kujibu itakapo, na wenyewe tumeliona. Tarehe 28 Machi, 2013, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi ya kuingilia kati, yenye watu 3,069 kutoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, ili ipigane na makundi ya waasi mashariki ya Kongo pasipo kungoja kushambuliwa kwanza. Kazi ya namna hiyo haikuwa kawaida ya walinzi wa amani. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwaka ule macho ya dunia nzima yalikuwa Goma. Helikopta za vita za Afrika ya Kusini ziitwazo Rooivalk zilikuwapo, mizinga ilikuwapo, wakubwa walipigiana simu, na mwezi Novemba, 2013, waasi wa M23 walishindwa na jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi ile. Miaka minne baadaye brigedi ni hiyo hiyo na msitu ni ule ule wa Beni, lakini macho ya dunia yalikuwa yamekwenda pengine. Wapiganaji wa msituni hawasomi maazimio, lakini hujua vizuri sana siku ambayo helikopta haiji.

Sasa nitoke Kongo kidogo, maana Semuliki si mahali pa kwanza walinzi wa amani walipopigwa, na kila pahali dunia imejibu kwa namna yake.

Somalia ilijibu kwa hasira. Tarehe 5 Juni, 1993, askari 24 wa Pakistan waliuawa Mogadishu. Kesho yake Baraza likapitisha azimio la kutaka wenye kosa wakamatwe na kuadhibiwa, na kazi ya kugawa chakula ikageuka kuwa kazi ya kumwinda mtu mmoja, Jenerali Aidid, katika mji wenye watu wengi. Mwezi Oktoba Waamerika 18 wakafa katika msako huo, na Wasomali mamia. Machi, 1994, Waamerika wakaondoka, na mwaka mmoja baadaye Umoja wa Mataifa wote ukafunga mizigo. Aidid hakukamatwa.

Rwanda ilijibu kwa kukimbia, na hapa ningewaomba wale walioiunga mkono hoja yetu wasome polepole. Tarehe 7 Aprili, 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari, Wabelgiji 10 waliokuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, waliuawa Kigali na askari wa jeshi la Rwanda. Waliowaua walijua wafanyalo. Walikumbuka Mogadishu, wakakisia kwamba Wazungu kumi wakifa, wengine watakwenda zao. Wakakisia sawa. Ubelgiji ikawaondoa watu wake. Tarehe 11 Aprili waliondoka katika shule ya ufundi ya Kicukiro, ambako watu wapatao 2,000 walikuwa wamekimbilia chini ya bendera ya buluu, na wauaji walikuwa wakingoja nje ya ua. Tarehe 21 Aprili Baraza likaamua kwamba kikosi kizima kibaki na watu 270. Jenerali Dallaire wa Kanada na askari wa Ghana walikataa kuondoka wote, wakabaki mia kadhaa, na kila aliyeokolewa nao ni ushahidi wa kile ambacho kingefanyika kama wengine nao wangebaki. Waliouawa katika nchi ile kwa siku mia wanazidi 800,000. Msemaji wetu alisema kwamba kuwarudisha askari nyumbani ni kuokoa maisha. Ni kweli, lakini ni lazima aseme maisha ya nani. Akisema, "Maisha ya watu wetu tu," hilo ni jibu lenye haki yake kwa mama wa askari, wala sitabishana na mama. Lakini asiliite jibu la amani.

Mfano ninaotaka kukaa nao zaidi ni wa Sierra Leone, na nashangaa kwamba haufundishwi sana. Mwezi Mei, 2000, waasi wa RUF waliwageukia askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja kupokea silaha zao. Wakenya walishambuliwa katika sehemu za Makeni na Magburaka, Wazambia waliokuwa wakienda kuwasaidia wakatekwa pamoja na magari yao ya deraya, na Wahindi wakazingirwa Kailahun. Jumla ya waliotekwa ilifika kama 500, na wengine waliuawa. Ilikuwa aibu kubwa, na magazeti ya Ulaya yakaandika kwamba hapo ndipo mwisho wa kulinda amani katika Afrika.

Kumbe sivyo. Uingereza ilileta askari wake mwezi ule ule, ikaushika uwanja wa ndege na kuutia moyo mji wa Freetown. Mwezi Julai Wahindi walivunja mzingo wa Kailahun kwa nguvu, wakawatoa wenzao zaidi ya 200. Mwezi huo huo Baraza likapiga marufuku almasi ya Sierra Leone isiyo na hati ya Serikali, na mwaka uliofuata likaigeukia Liberia, maana ndiko almasi ilikopita na silaha zilikotokea. Kikosi, badala ya kupunguzwa, kiliongezwa hatua kwa hatua mpaka ruhusa yake ikafika watu 17,500, na kamanda wake mpya, tangu mwishoni mwa mwaka wa 2000, alikuwa Mkenya, Jenerali Daniel Opande, mtu mpole wa maneno ambaye aliwafuata waasi wenyewe kuzungumza nao. Hata kule hawakukosekana waliochoka: India na Jordan ziliwaondoa watu wao, na nafasi ikajazwa na wengine. Januari, 2002, kazi ya kupokonya silaha ilikwisha, Mei watu wakapiga kura, na Desemba, 2005, kikosi kikaondoka kwa kuwa kazi imekwisha, si kwa kuwa kimefukuzwa.

Tena hawakusahau deni. Mahakama Maalumu ya Sierra Leone iliwahukumu wakubwa watatu wa RUF mwaka wa 2009, na katika makosa yaliyothibitishwa limo la kuwashambulia walinzi wa amani. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Wafungwa wale walipelekwa Rwanda kutumikia vifungo vyao. Mambo ya dunia hii yana mafumbo: nchi ile ile iliyoachwa na walinzi wa amani mwaka wa 1994 ndiyo iliyopewa kuwafunga waliowashambulia walinzi wa amani wa nchi nyingine.

Mwendo wa mahakama ni wa kobe, na lazima tuliseme hilo pia. Ofisa wa Rwanda aliyehusishwa na vifo vya wale Wabelgiji kumi, Meja Bernard Ntuyahaga, alijisalimisha Arusha mwaka wa 1998, kesi yake ikazunguka baina ya mahakama na nchi mbalimbali, na hukumu ya miaka 20 akaipata Ubelgiji mwaka wa 2007. Ni miaka 13 baada ya tendo. Habari ya Haskanita katika Darfur ni mbaya zaidi. Huko walinzi 12 wa Umoja wa Afrika waliuawa tarehe 29 Septemba, 2007. Mshitakiwa mmoja, Abu Garda, alifika The Hague kwa hiari yake na mahakama ikaona ushahidi hautoshi. Mwingine, Jerbo, alikufa kabla ya kesi. Wa tatu, Banda, hati ya kumkamata ilitolewa mwaka wa 2014, na miaka kumi baadaye alikuwa bado hajakamatwa. Mkataba wa Roma wa 1998 umeandika wazi kwamba kuwashambulia walinzi wa amani ni kosa la vita. Sheria iko, lakini sheria haina miguu, hutembea kwa miguu ya polisi wa nchi. Ndiyo maana mimi naliona jambo kubwa kwamba Jamil Mukulu, aliyeliasisi kundi la ADF, alikamatwa hapa hapa Tanzania mwaka wa 2015 akapelekwa Uganda. Hakuna azimio la New York lililofanya kazi ile, bali askari waliokuwa macho. Mwezi Agosti, 2021, kwa juhudi za India, Baraza lilipitisha azimio namba 2589 la kuzitaka nchi zenye walinzi wa amani ziwakamate na kuwashitaki wanaowaua. Ni neno jema. Litapimwa kwa idadi ya watakaofikishwa mahakamani.

Jemadari mmoja wa Brazil, dos Santos Cruz, ambaye aliwahi kuwa mkubwa wa majeshi ya MONUSCO, alipewa kazi ya kuchunguza kwa nini walinzi wa amani wanauawa kwa wingi. Ripoti yake ilitoka Januari, 2018, wiki chache baada ya Semuliki. Ilihesabu walinzi 195 waliouawa kwa silaha na vitendo vya ukali tangu 2013, zaidi ya miaka mitano mingine yo yote. Alisema bila kuzunguka kwamba bendera ya buluu peke yake haimkingi mtu tena, na kwamba kikosi kikaacho ndani ya ukuta wake kikingoja kupigwa, kitapigwa. Wengine walimlaumu kwa kusema kama mtu wa vita. Mimi naona alisema kama mtu aliyewahi kuzika watu wake.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba lawama zote ni za wakubwa wa mbali. Watu wa Beni na Butembo wana manung'uniko yao. Wameona magari meupe miaka zaidi ya ishirini, na bado jirani anachinjwa usiku. Mwezi Novemba, 2019, baada ya mauaji mengi, walikiingia kwa nguvu kituo cha Umoja wa Mataifa mjini Beni na kukichoma moto. Mwezi Julai, 2022, hasira ilizuka Goma na Butembo, raia wengi wakafa na walinzi wa amani watatu wakauawa. Mwisho wa mwezi ule ule, baadhi ya askari wa MONUSCO waliokuwa wakirudi kutoka likizo walifyatua risasi katika mpaka wa Kasindi, na raia wakafa. Katibu Mkuu alikasirika, na askari wale walizuiliwa. Tukidai wanaowaua walinzi wa amani wahukumiwe, basi mlinzi wa amani anayemwua mwananchi naye ahukumiwe, na kesi yake isikiwe na wale waliofiwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wako watakaouliza kama inawezekana kweli mataifa maskini kushikamana bila kungoja matajiri. Nitawajibu kwa habari ya mtu mmoja. Mwezi Novemba, 2018, si mbali na Beni, askari wa Malawi na wa Tanzania walishambulia ngome ya ADF pamoja na jeshi la Kongo. Wamalawi saba na Mtanzania mmoja waliuawa. Katika mapigano hayo koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa akawa hawezi kukimbia. Askari wa Malawi, Private Chancy Chitete, alirudi akamburuta mpaka mahali pa salama na kumpa huduma ya kwanza, na katika kufanya hivyo akapigwa risasi, akafa. Koplo wetu aliishi. Mwaka wa 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete nishani iitwayo kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyewaokoa mamia ya watu Kigali mwaka wa 1994 bila hata bunduki, kisha akauawa na kombora. Nishani hiyo haitolewi ovyo, na kabla ya Chitete ilikuwa imetolewa kwa familia ya Diagne mwenyewe tu. Natamani jina la Chitete lingejulikana katika shule zetu kama yanavyojulikana majina ya wachezaji wa mpira.

Na mambo haya hayakwisha. Januari, 2025, M23 walirudi Goma, wakiwa na nguvu kuliko mwanzo, na askari wa Afrika ya Kusini, Malawi na Tanzania waliotumwa na nchi za kusini mwa Afrika waliuawa. Tarehe 21 Februari Baraza lilipitisha azimio namba 2773 kwa sauti moja, likaitaja Rwanda kwa jina na kuitaka iondoe majeshi yake. Hapo angalau lilisema wazi zaidi kuliko lilivyozoea. Lakini kikosi chenyewe kilikuwa kimekwisha kuzingirwa, na tarehe 13 Machi viongozi wa nchi zilizokituma wakaamua kazi yake ikome. Ni habari ile ile ya ndege na msaada kutofika, safari hii kwa kikosi kisichokuwa hata cha Umoja wa Mataifa.

Kwa hiyo jibu langu kwa msemaji wa pili ni kwamba alikosea dawa, ingawa aliutambua ugonjwa. Dunia hujibu kwa maneno pale inapoachwa ijibu kwa maneno. Tanzania si ombaomba katika jambo hili. Sisi ndio wenye kutoa kitu ambacho wengine hawataki kutoa, yaani vijana, na mwenye kutoa ana haki ya kuweka sharti kabla ya kutoa, wala si baada ya mazishi. Kanuni za Umoja wa Mataifa wenyewe zasema kwamba askari aliyejeruhiwa apate huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, matibabu ya juu zaidi ndani ya saa 1, na upasuaji ndani ya saa 2. Katika msitu usio na barabara, kanuni hiyo maana yake ni helikopta. Wazazi wanaosoma gazeti hili wana wabunge wao, na wabunge hupita vijijini. Mbunge akija, aulizwe kama Serikali, inapoombwa batalioni nyingine, hupewa kwa maandishi nchi itakayotoa helikopta hizo, ziko wapi, ni ngapi, na kama marubani wake wana ruhusa ya kuruka usiku.